Kurejesha Mng'ao wa Boti ya Faiba Iliyopauka

Katika fukwe za Msasani, Kunduchi na Mbweni, na ng'ambo ya lango la bandari kuanzia Kigamboni hadi Mjimwema, boti za faiba zimekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya pwani. Zipo zinazovua, zipo zinazopeleka wageni katika visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na zipo za watu binafsi. Nyingi zimepita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu, na umri wake hudhihirika ubavuni: nyekundu imekuwa ya waridi, buluu imekuwa kijivu, na nyeupe inaacha unga katika kiganja cha anayeigusa.

Mwenye chombo cha namna hii hukabiliwa na maamuzi matatu: kukipiga polishi, kukipaka rangi, au kukiacha kama kilivyo. Kila uamuzi una gharama yake, na uamuzi usio sahihi humfanya mtu alipe mara mbili. Katika sura hii tunaeleza kinachosababisha kupauka, namna ya kutambua hali halisi ya chombo kabla ya kutoa fedha, utaratibu unaofaa wa kazi, na udanganyifu ambao mlaji anapaswa kuufahamu. Tunaeleza pia jambo moja lenye uzito kuliko yote hayo: mng'ao si uimara. Boti inaweza kung'aa kama kioo na bado isifae kubeba watu.

Kinachopauka ni nini

Boti ya faiba imejengwa kwa tabaka. Nguvu yake imo katika nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa rezini. Juu ya nyuzi hizo kuna ngozi nyembamba yenye rangi, ambayo mafundi huiita jelkoti. Boti inapoundwa, jelkoti ndiyo hutangulia kupakwa ndani ya kalibu, kisha nyuzi na rezini hufuata nyuma yake. Ndiyo maana boti mpya hutoka katika kalibu ikiwa tayari ina rangi na mng'ao. Unene wa ngozi hiyo kwa kawaida ni karibu nusu milimita, yaani pungufu ya unene wa kadi ya benki.

Adui mkuu wa jelkoti ni jua. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo ya rezini iliyo juu kabisa, na oksijeni ya hewani huendeleza uharibifu huo. Rezini inapovunjika, chembe za rangi hubaki bila kitu cha kuzishika. Chembe hizo ndizo unga unaobaki mkononi. Chumvi ya bahari huongeza madhara, kwa kuwa inapokauka huwa fuwele ngumu, na anayeifuta kwa kitambaa kikavu huwa anaukwaruza ubavu wa boti yake mwenyewe. Rangi nzito, hasa nyekundu na buluu, huonyesha kupauka mapema kuliko nyeupe.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni ambayo sura yote hii imejengwa juu yake. Kurejesha mng'ao ni kuondoa tabaka lililokufa mpaka kulifikia lililo hai, kisha kulikinga. Hakuna dawa inayofufua jelkoti iliyokwisha kufa. Kila mara boti inapopigwa msasa au kampaundi, sehemu ya ile nusu milimita huondoka na hairudi. Wazee wa pwani walizoea chombo cha mbao: kikipandishwa ufukweni hutiwa kalafati, hupakwa sifa na deheni, na msimu ujao hurudiwa tena. Faiba haina desturi hiyo. Jelkoti ni akiba ambayo hutumiwa tu, na mwenye chombo anapaswa kuitumia kwa uchache.

Vipimo vya kufanya kabla ya kulipa

Vipimo vifuatavyo havihitaji mtaalamu wala kifaa cha gharama. Vifanyike mchana, boti ikiwa imeoshwa kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, ikasuuzwa na kukauka.

*Kitambaa cheusi.* Sugua sehemu ya ubavu mara tano au sita kwa kitambaa safi chenye rangi nzito. Unga mwepesi unaashiria kupauka kwa juu tu. Kitambaa kikijaa unga kana kwamba kimefuta ubao wa darasani, uharibifu umekwenda ndani zaidi.

*Maji.* Mwagia maji sehemu iliyopauka na uitazame ingali imelowa. Rangi ikirudi kuwa nzito na ya kulingana, maana yake jelkoti bado ipo na inaweza kung'arishwa. Ikibaki na mabaka, au ukaona nyuzi kwa chini kama mistari ya nguo iliyochakaa, jelkoti imekwisha mahali hapo na polishi haitasaidia kitu.

*Mahali pa siri.* Chagua eneo dogo lisiloonekana kwa urahisi, lenye upana wa kiganja. Lipigwe kampaundi kwa mkono kwa dakika chache. Matokeo ya eneo hilo ndiyo picha ya yale utakayoyapata katika boti nzima. Fundi mwaminifu hatakataa kufanya jaribio hili mbele yako.

*Kugonga na kutazama nyufa.* Gonga ubavu, sitaha na sehemu ya chini kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Faiba nzima hutoa mlio mkavu unaofanana. Mlio bubu, kama wa kugonga kadibodi, unaashiria kwamba tabaka zimeachana au kiini cha mbao kimeoza. Kagua kwa makini zaidi ubao wa nyuma unaobeba injini, kwa sababu katika boti nyingi za zamani ndani yake mna mbao, na maji hupenya kupitia matundu ya bolti. Inua na kusukuma injini: ubao ukipinda au maji ya kahawia yakichuruzika, kazi ya polishi isimame kwanza. Nyufa nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui, hasa kuzunguka vyuma vya kufungia kamba, zinaonyesha mahali palipolemewa. Malengelenge chini ya mstari wa maji, ambayo yakitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kali kama ya siki, ni dalili kwamba maji yamepenya ndani ya tabaka.

Iwapo kipimo hiki cha mwisho kitaonyesha kasoro, fedha iliyotengwa kwa ajili ya mng'ao ielekezwe kwanza katika ukarabati wa muundo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu boti ya abiria au ya uvuvi hubeba roho za watu, na nyufa zilizofunikwa kwa nta zitaendelea kupanuka mahali ambapo hakuna jicho linaloziona.

Hali nne na tiba ya kila moja

Hali ya kwanza ni ya boti iliyofifia kidogo, yenye unga mwepesi, na ambayo taswira ya mtu bado huonekana ubavuni ingawa haiko wazi. Hii inahitaji kuoshwa, kupigwa polishi laini na kupakwa nta. Kazi yake inawezekana kwa mkono.

Hali ya pili ni ya boti isiyotoa taswira tena, lakini rangi yake hurudi kikamilifu inapolowa maji. Hii inahitaji kampaundi ya kukata kwa kutumia mashine, kisha polishi, kisha nta.

Hali ya tatu ni ya boti yenye unga mwingi, iliyokwaruzika, ambayo kampaundi imeshindwa kuirejesha katika eneo la majaribio. Hii inahitaji msasa wa maji kabla ya kampaundi. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndiyo inayokula jelkoti kwa wingi.

Hali ya nne ni ya boti ambayo jelkoti yake imeisha. Hapa uchaguzi ni jelkoti mpya au rangi maalumu ya vyombo vya majini. Anayekushauri kuipiga polishi boti iliyo katika hali hii anakuuzia kazi isiyokuwepo.

Boti moja yaweza kuwa na hali zaidi ya moja. Aghalabu sitaha na kingo za juu huwa zimeharibika kuliko mbavu, kwa sababu hupokea jua la moja kwa moja. Makadirio ya fundi yatenganishe maeneo hayo badala ya kutoza boti nzima kwa bei ya hali iliyo mbaya zaidi.

Wakati na mahali pa kufanyia kazi

Miezi ya kiangazi baada ya masika, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo inayofaa zaidi. Mvua za masika huvuruga kazi na unyevunyevu huzuia rangi kushika. Hata hivyo upepo wa kusi hupeperusha mchanga, na mchanga ukinaswa katika sponji ya mashine hukwaruza kila inapopita. Chagua mahali palipokingwa na ukuta, miti au turubai.

Fanya kazi asubuhi, au chini ya kivuli. Ubavu uliochomwa na jua la saa sita mchana hukausha kampaundi kabla haijafanya kazi, na mashine huweza kuunguza jelkoti.

Kwa wale wasio na mahali pa kuhifadhia boti nchi kavu, tunashauri wapange kazi kwa kufuata bamvua. Boti ikipandishwa wakati wa maji makuu ya bamvua na kuegemezwa juu kabisa ya ufukwe, itapata takriban siku 14 hadi bamvua linalofuata bila kufikiwa na maji. Muda huo unatosha kwa kazi ya hali ya pili na ya tatu kwa boti ya wastani. Wakati huo huo ukague sehemu ya chini ambayo kwa kawaida haionekani.

Utaratibu wa kazi

1. Osha boti yote kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kuanzia juu kushuka chini. Ondoa chumvi, mafuta na kuvu. Usitumie waya wa chuma: vipande vyake hubaki katika jelkoti na kuota kutu. Usitumie asidi ya kusafishia vyoo wala dawa kali ya kupaushia nguo. Doa la kutu huweza kupunguzwa kwa maji ya ndimu yaliyoachwa dakika chache kisha kusuuzwa.

2. Futa nta na silikoni za zamani kwa kiyeyushi kinachofaa, ukitumia vitambaa viwili: kimoja cha kupaka na kingine cha kufuta kabla hakijakauka. Usiruke hatua hii. Ukipiga msasa juu ya nta, utaisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi yoyote itakayopakwa baadaye itakataa kushika.

3. Funika kwa utepe wa karatasi namba za usajili, vyuma, mpira na kingo kali. Kingo ndizo zenye jelkoti nyembamba zaidi, na mashine huila hapo kwa sekunde chache.

4. Kwa hali ya tatu pekee, piga msasa wa maji. Anza na namba laini kadiri inavyowezekana. Mara nyingi namba 1000 inatosha. Namba 800 iwe kwa mahali palipoharibika sana. Kisha endelea na 1200, 1500 na 2000. Kila namba ipigwe kwa mwelekeo tofauti na iliyotangulia, ili uone kwamba mikwaruzo ya awali imetoweka. Tumia kibao laini cha kushikia msasa, na maji mengi yenye sabuni kidogo. Kuruka namba hakuokoi muda: mikwaruzo iliyoachwa itaonekana mara boti itakapong'aa. Jelkoti ikianza kuonyesha rangi tofauti au kivuli cha nyuzi, simama papo hapo.

5. Piga kampaundi kwa mashine maalumu ya kung'arishia inayoweza kuendeshwa taratibu, kati ya mizunguko 1,000 na 2,000 kwa dakika. Mashine ya kukatia chuma, ambayo mafundi wengi wanayo, huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika na haifai kabisa kwa kazi hii. Fanya eneo dogo kwa wakati mmoja, lenye upande wa karibu nusu mita. Sambaza kampaundi kwanza, kisha washa mashine na uisogeze bila kusimama mahali pamoja. Sponji iliyojaa mabaki isafishwe au ibadilishwe.

6. Suuza, kausha, kisha rudia kwa polishi laini na sponji safi mpaka taswira iwe wazi. Angalia kwa pembeni, jua likiwa chini. Mikwaruzo ya duara ikionekana, kazi haijakamilika.

7. Paka nta ya vyombo vya majini siku hiyo hiyo, tabaka mbili nyembamba. Jelkoti iliyopigwa kampaundi imefunguliwa vinyweleo vyake. Ikiachwa bila kinga katika jua letu, itaanza kupauka tena baada ya muda mfupi, na gharama yote itakuwa imepotea.

Ili kujua kiasi cha vifaa, pima eneo badala ya kukisia. Boti yenye urefu wa mita 7 na ubavu wenye kimo cha mita 0.9 juu ya maji ina mita za mraba 12.6 kwa mbavu zote mbili. Ongeza sehemu ya nyuma na sitaha. Soma katika kopo ni eneo gani linalokidhiwa na ujazo uliomo, kisha gawanya. Hesabu hii rahisi humkinga mlaji dhidi ya orodha ya manunuzi iliyotiwa chumvi.

Jelkoti ikiwa imekwisha

Jelkoti mpya hudumu, lakini ni kazi ya fundi aliyebobea. Hupimwa pamoja na kichocheo cha peroksaidi, kile ambacho mafundi hukiita hadina. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, na katika joto letu huelekea kiwango cha chini. Kikizidi, jelkoti hukakamaa upesi na kupasuka. Kikipungua, haikauki ipasavyo na hubaki dhaifu. Fundi anayekadiria kwa macho anakadiria kwa fedha yako: dai kipimo. Fahamu pia kwamba jelkoti ya kawaida ikiachwa wazi hewani hubaki na unato juu yake, mpaka iwekewe kiongezi chenye nta au ifunikwe. Kisha hulazimika kupigwa msasa na kampaundi kama tulivyoeleza.

Rangi ya vyombo vya majini ya sehemu mbili huwa nafuu katika kazi na hutoa mng'ao bila msasa mwingi. Hata hivyo ni nyembamba kuliko jelkoti na hukwaruzwa upesi na boti inayokokotwa mchangani kila siku. Kwa boti ya uvuvi inayopandishwa ufukweni kwa kuburutwa, mng'ao wa sehemu ya chini si jambo la kulipia sana; uimara ndio wa kulipiwa. Rangi ya mafuta ya nyumba haifai kwa kazi hii. Hubambuka, na wakati wa kuiondoa jelkoti iliyosalia nayo huumia.

Afya ya fundi na ya jirani

Vumbi la jelkoti na faiba huumiza mapafu, macho na ngozi. Msasa wa maji hupunguza vumbi, na hilo ni sababu nyingine ya kuupendelea. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Fundi anahitaji barakoa ya kuchuja vumbi, miwani ya kinga, glavu na nguo za mikono mirefu. Kwa viyeyushi na jelkoti mbichi panahitajika barakoa yenye kichujio cha mvuke, na hewa ya kutosha.

Hadina ni hatari kwa namna ya pekee. Tone moja jichoni laweza kupofusha: suuza mara moja kwa maji mengi kwa muda mrefu na uende hospitali. Isichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwa kuwa mchanganyiko huo huweza kulipuka. Isihifadhiwe juani, wala katika chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto anaweza kuiokota. Rangi ya sehemu mbili ikipulizwa kwa bomba hutoa mvuke unaoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Palipokosekana vifaa vya kumpa fundi hewa safi, ipakwe kwa brashi au rola, na fundi bado avae barakoa yenye kichujio cha mvuke.

Mashine ya umeme na msasa wa maji visitumike kwa wakati mmoja mahali pamoja. Waya uliochubuka juu ya mchanga uliolowa umebeba mauti. Mabaki ya msasa na makopo yasiachwe ufukweni: yakusanywe juu ya turubai na kutupwa mahali palipoidhinishwa, hasa mabaki ya rangi ya kuzuia viumbe wanaoganda chini ya chombo, kwa kuwa rangi hiyo imetiwa sumu kwa makusudi.

Udanganyifu wa kujihadhari nao

*Mng'ao wa mafuta.* Boti inayouzwa hupakwa dizeli, mafuta ya taa au mafuta ya kula saa chache kabla ya mnunuzi kufika. Hung'aa, rangi hurudi, lakini ni ile ile rangi inayorudi kwa maji. Osha sehemu kwa sabuni na uisubiri ikauke kabla ya kutaja bei. Muuzaji akikataa boti yake kuoshwa, umeshapata jibu.

*Dawa ya ajabu.* Zipo bidhaa zinazopakwa kama maji na kuacha ngozi ya plastiki inayong'aa bila kazi yoyote. Hupendeza kwa miezi, kisha hugeuka manjano na kubambuka kwa mabaka, na kuziondoa ni kazi kubwa kuliko ile iliyokwepwa. Anayezinunua anapaswa kujua kwamba hanunui tiba.

*Kopo lililojazwa upya.* Nta, kampaundi na hadina huuzwa pia katika vyombo visivyo vya asili. Kagua kifuniko, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hadina iliyopitwa na wakati huharibu kazi nzima, na jelkoti isiyokauka haina marekebisho ila kukwanguliwa.

*Kasoro iliyofunikwa.* Nyufa hujazwa puti na kupigwa nta juu yake. Ndiyo maana tumeshauri kugonga kwanza na kusifu baadaye.

Makubaliano na haki zako

Makubaliano yaandikwe, hata kama fundi ni jirani au ndugu. Karatasi moja inatosha, ikitaja maeneo yatakayofanyiwa kazi, hali ya kila eneo, namba za msasa zitakazotumika, nani ananunua vifaa, idadi ya tabaka za nta, muda, na malipo kwa awamu. Pigeni picha kabla ya kazi, kwa pamoja. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya boti kuoshwa kwa sabuni na kukauka, si wakati ingali imepakwa.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila kifaa kinachonunuliwa dukani. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha ulinunua nini, wapi na lini. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumlaghai mlaji katika biashara. Malalamiko kuhusu udanganyifu huo na kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na yale yanayohusu ubora hafifu wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Anza na muuzaji mwenyewe kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti na picha. Hifadhi kopo pamoja na mabaki yake, kwa kuwa huo ndio ushahidi.

Iwapo boti inabeba abiria, usalama wake husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Ukarabati wowote uliogusa muundo, kama vile ubao wa injini au mkuku, ufanyike kabla ya ukaguzi na uelezwe kwa mkaguzi. Boti iliyong'arishwa haipewi nafuu katika hesabu ya jaketi okozi.

Kuutunza mng'ao uliorejeshwa

Utunzaji ni nafuu kuliko tiba. Suuza boti kwa maji baridi kila inapowezekana baada ya safari, na usiifute chumvi ikiwa kavu. Ifunike kwa turubai linalopitisha hewa, au hata makuti yaliyoezekwa juu yake. Kivuli ndicho kinga bora kuliko kopo lolote linalouzwa. Paka nta upya angalau mara mbili kwa mwaka: kabla ya jua kali la kaskazi na mara baada ya masika. Maji yakiacha kufanya matone ubavuni na kuanza kutandaa, nta imekwisha.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwenye chombo ajiulize maswali haya. Je, nimegonga na kukagua nyufa? Je, rangi hurudi ninapomwaga maji? Je, nimeona matokeo ya eneo la majaribio? Je, fundi ameniandikia maeneo, vifaa na muda? Je, nina mahali pa kuiweka boti kivulini baada ya kazi? Ambaye jibu lake ni ndiyo kwa maswali yote anaweza kuanza. Ambaye hana jibu kwa swali la kwanza ayaache mengine yote mpaka alipate.